Rebetiko: uanzie Smyrna, Piraeus au New York?

Anayetaka kuonja rebetiko, muziki wa Wagiriki, kwa mara ya kwanza karibu kila mahali hupewa buzuki, ala yao ya nyuzi yenye shingo ndefu. Orodha za nyimbo zinamkaribisha na mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza, nyuzi za chuma zikilia, maneno ya jela na moshi wa bangi. Kwa Mgiriki aliyekua akisikia sauti hiyo redioni si neno. Kwa msikilizaji aliyelelewa na taarabu naona ni kumzungusha bure. Muziki huu una milango mitatu, na mmoja wake unafungukia ukumbi ambao Mswahili ameshakaa ndani yake: udi, kanuni, fidla, na mwimbaji anayelivuta neno moja mpaka wasikilizaji waitikie.

Hapa nailinganisha milango hiyo mitatu ili uchague wako. Ila kwanza ujue kwa nini ni mitatu, maana bila hilo ulinganisho wenyewe hauna maana.

Rebetiko ni muziki wa mijini wa Wagiriki, muziki wa bandari, vilabu na mitaa ya makabwela, na enzi zake ni tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi miaka ya 1950. UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2017. Ukisikiliza rekodi mbili zilizobandikwa jina hilo unaweza kuapa kuwa hazikutoka nchi moja, na mara nyingi utakuwa umeapa kweli.

Kabla ya 1922 Wagiriki kwa malaki waliishi ng'ambo ya pili ya bahari ya Aegean, ndani ya dola ya Uthmaniya: Smyrna (leo ni Izmir), Ayvalik, na Istanbul. Jeshi la Ugiriki liliposhindwa vita na Waturuki, Smyrna iliungua Septemba 1922, watu wamesongamana gatini wakitafuta meli. Januari 1923, mjini Lausanne, serikali mbili zikasaini mkataba wa kubadilishana watu. Wakristo wa Kiorthodoksi wapatao milioni 1.2 wakawa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wameshakimbia. Waislamu karibu laki 4 wakahamishiwa Uturuki. Kilichoangaliwa ni dini, si lugha. Wako waliofika Ugiriki hawajui ila Kituruki, na Waislamu wa Krete waliofika Uturuki wakiongea Kigiriki.

Nchi ya watu kama milioni 5 ikajikuta na wakimbizi zaidi ya milioni moja. Bandari ya Piraeus, jirani na Athens, ikazungukwa na mitaa ya mabanda: Kokkinia, Drapetsona, Keratsini. Humo ndimo wanamuziki wa Smyrna walipokutana na makuli na wahuni wa bandarini waliokuwa na buzuki zao. Kundi la tatu lilikuwa limeshaondoka zamani: kuanzia miaka ya 1890 hadi 1924 Wagiriki karibu laki 4, wengi wao vijana wa kiume, walivuka Atlantiki kwenda Marekani kufanya kazi kwenye reli, migodi, viwanda na migahawa. Kwa hiyo ukichagua kati ya hizi tatu unachagua pia msafiri wa kufuatana naye: mkimbizi, mtu wa bandarini, au mhamiaji.

Smyrna: sauti kwanza, maneno baadaye

Muziki wa Smyrna na Istanbul ulikaa kwenye kahawa walizoziita kafe aman. Ala zake ni fidla, udi, kanuni, santouri yenye nyuzi nyingi juu ya sanduku zinazogongwa kwa vijiti viwili, na lira ya Istanbul, chombo kidogo kama embe lililokatwa, kinachosimamishwa gotini na kupigwa kwa upinde. Waimbaji wakubwa ni wanawake, jambo ambalo Piraeus huliona kwa nadra katika miaka yake ya mwanzo.

Kiini chake ni amanes. Mshairi anatoa mishororo miwili tu, na mwimbaji anaijaza dakika tatu nzima za santuri, akipanda na kushuka juu ya "aman, aman" kabla na baada ya kila kipande cha neno. Kabla yake ala moja hutangulia peke yake, ikitembea polepole ndani ya maqamu, yaani ngazi ya sauti za wimbo, ikionyesha njia. Aliyewahi kukaa mbele ya Ikhwani Safaa au Culture Musical Club hahitaji kuelezwa kinachotendeka hapo. Ni taksimu ileile, na majina ya maqamu ni yaleyale: hijazi, rasti, saba. Hakuna maajabu. Mji wa Unguja ulichota muziki wake Misri, Misri na Smyrna zilikunywa kisima kimoja cha dola ya Uthmaniya, na mpiga kanuni wa Athens ya 1930 na mwenzake wa Unguja wangeweza kukaa jukwaa moja bila mkalimani.

Ukichukua jina moja tu hapa, lichukue la Roza Eskenazi. Alikuwa Myahudi wa Kisefaradi, amezaliwa Istanbul na kukulia Thessaloniki. Panagiotis Toundas, mtunzi mzaliwa wa Smyrna aliyekuja kuwa msimamizi wa muziki kwenye kampuni za santuri za Athens, alimsikia akiimba na kumpeleka studio mwishoni mwa miaka ya 1920. Katika miaka ya 1930 peke yake alirekodi nyimbo zaidi ya 500, kwa Kigiriki, Kituruki na Kiladino, lugha ya Wayahudi wa Kisefaradi. Waliompigia mara nyingi ni Agapios Tomboulis, Muarmenia, kwenye udi, na Lambros Leondaridis kwenye lira. Sikiliza kwa makini katikati ya rekodi zake: ala inapopewa nafasi, Roza huita jina la mpigaji na kumtakia uhai na afya, kama wapenzi wa taarabu wanavyomtunza mtu kwa neno kabla hawajamtunza kwa noti. Zile kelele ndogo za shaba zinazolia pamoja naye ni vijisahani vya vidoleni.

Sauti ya Roza ni ya wazi, ya kuchangamka, hata wimbo ukiwa wa majonzi. Rita Abatzi, aliyezaliwa Smyrna 1914, ana sauti nzito na ya ukali zaidi, na kwenye amanes mimi namtanguliza yeye. Kwa wanaume yuko Antonis Diamantidis wa Istanbul, maarufu kwa jina la Dalgas, ambaye sauti yake inapinda mahali ambapo hukutazamia kona.

Usidhani mlango huu ni wa kilio tu. Smyrna ilikuwa bandari tajiri yenye Wataliani, Wafaransa, Waarmenia na Wayahudi, na vikundi vyake vya mandolini na gitaa vilipiga nyimbo nyepesi za Kizungu usiku uleule wa amanes. Toundas mwenyewe aliandika vibao vya kuchekea na kuchezea kwa mdundo wa tsifteteli, mdundo wa kiuno. Anayeogopa uzito aanze na hivyo.

Kasoro ya mlango huu ni kwamba ulifungwa mapema, tena kutoka pande zote mbili za bahari. Mwaka 1934 serikali ya Uturuki iliuondoa muziki wa Kiuthmaniya redioni kwa kuuona wa kizamani. Ugiriki, baada ya dikteta Ioannis Metaxas kutwaa madaraka tarehe 4 Agosti 1936, ukaguzi wa nyimbo ulioanza mwaka uliofuata ukaupiga vita amanes kwa kuuona wa Kituruki. Muziki wa watu waliofukuzwa kwao ukakosa kwao mara ya pili. Vangelis Papazoglou, mmoja wa watunzi bora wa kutoka upande wa Smyrna, alikataa kabisa kupeleka nyimbo zake kwa mkaguzi. Hakurekodi tena, akafa 1943 wakati Wajerumani wameikalia nchi. Kwa hiyo rekodi nzuri za mtindo huu zimejaa katika kipindi kifupi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi 1937 hivi. Ziko nyingi kwa kusikiliza mwaka mzima, ila usitegemee kuona mtindo ukiendelea kukua baada ya hapo.

Piraeus: nyuzi tatu na mambo ya mtaani

Huku ala ni chache: buzuki, baglama, gitaa. Buzuki ya zamani ina jozi tatu za nyuzi za chuma zinazofungwa re-la-re. Jozi nyingine huachwa zikivuma huku kidole kikitembea kwenye moja, na hiyo ndiyo asili ya ule mvumo wa chini usiokatika. Baglama ni buzuki iliyosinyaa, ndogo ya kufichwa ndani ya koti. Wafungwa walijitengenezea wenyewe gerezani, na polisi wa Metaxas walipokuwa wakivamia vijiwe, kale kadogo ndiko kalikopona.

Mwenye mlango huu ni Markos Vamvakaris. Alizaliwa 1905 kisiwani Syros katika familia ya Kikatoliki, akaingia Piraeus bado mtoto, akabeba makaa ya mawe bandarini kisha akawa mchuna ngozi machinjioni. Alisimulia mwenyewe kwamba alimsikia mzee mmoja, Nikos Aivaliotis, akipiga buzuki, akaapa kwamba asipojua kuipiga ndani ya miezi sita atajikata mkono kwa shoka la bucha. Alijua. Mwaka 1933 alirekodi, na alipoambiwa aimbe mwenyewe alisita, kwa kuwa aliiona sauti yake mbaya. Sauti hiyohiyo kavu, isiyopamba kitu, ndiyo iliyowafanya watu waamini kwamba anayeimba ameyaishi anayoyasema.

Mwaka 1934 akaunda kundi la wanne na Giorgos Batis, Stratos Pagioumtzis na Anestis Delias. Hapa ndipo panapowakosesha njia wanaodhani Piraeus na Smyrna ni maadui. Stratos, mwenye koo tamu kuliko wote wanne, alizaliwa Ayvalik. Delias alizaliwa Smyrna. Na aliyesimamia rekodi za kwanza za Markos, akampigia na gitaa, ni Spyros Peristeris, mzaliwa wa Smyrna pia. Buzuki ya Piraeus, inayouzwa leo kama muziki halisi wa Wagiriki, nusu yake ni mikono ya wakimbizi.

Nguvu ya Piraeus ni maneno. Yanasemwa wazi, mstari kwa mstari, na mtu anayefuata tafsiri anaelewa papo hapo: jela, kiko cha maji kikipokezanwa kijiweni, mama anayemlilia mwanawe, mwanamke aliyeondoka, polisi. Ule wimbo maarufu kuliko yote wa Markos, "Frangosyriani" wa 1935, hauna hata bangi. Ni kijana anamwahidi msichana Mkatoliki wa Syros kwamba atamtembeza, na anataja vijiji na fukwe za kisiwa kimoja kimoja. Ukifungua ramani ya Syros huku wimbo unapigwa unaweza kumfuata kwa kidole.

Upande wa pili uko Delias. Mwaka 1936 alitunga wimbo wa mtumiaji wa heroini anayesimulia jinsi alivyoanza kwa kunusa, akahamia sindano, mpaka mwili ukaisha. Alikuwa anajisema. Alikufa 1944, umri wake hata miaka 35 haujafika. Nauona wimbo huo kuwa mmoja wa mikubwa ya rebetiko yote, na huwa siuweki kwenye orodha ya kusikiliza pamoja na watoto.

Mdundo unahitaji subira kidogo. Zeibekiko, ngoma ya mwanamume mmoja anayecheza peke yake huku wenzake wakipiga goti na kumpigia makofi, ina mapigo tisa. Hesabu mbili, mbili, mbili, tatu, na usikimbie kwenye ile tatu ya mwisho. Sikio letu lililozoea mapigo sita au manne litajikwaa mara za kwanza. Hasapiko, yenye mapigo manne yaliyonyooka, haina shida. Anza nayo kama unataka kutikisa kichwa bila kuhesabu.

New York: muziki wa walioondoka mapema

Mlango huu ndio unaosahauliwa, na kwa historia ndio wenye mshangao mwingi. Studio za New York na New Jersey zilikuwa zikirekodi Wagiriki kwa wingi wakati Athens bado haina kiwanda cha santuri. Kampuni ziligundua kwamba kila jamii ya wahamiaji itanunua gramafoni ikipewa sauti ya kwao.

Marika Papagika alizaliwa kisiwani Kos, akaishi na kuimba Alexandria ya Misri, akafika Marekani 1915. Mwaka 1918 alikuwa ameshaanza kurekodi, mumewe Kostas akimpigia simbalo, ndugu mkubwa wa santouri, pamoja na fidla na selo. Selo hiyo ndiyo inayomtofautisha. Nyimbo za Smyrna zilizoimbwa Athens zinapepea. Za Marika zinazama, kwa kuwa chini yake kuna selo inayovuta pumzi ndefu. Mwaka 1925, Marekani ikiwa imepiga marufuku pombe, yeye na mumewe walifungua klabu yao barabara ya 34 Magharibi, karibu na 8th Avenue. Wagiriki, Waarmenia, Waarabu wa Syria na Waturuki walikaa meza za jirani wakisikiliza mtu mmoja, miaka mitatu tu tangu Smyrna iungue. Anguko la uchumi la 1929 likaimaliza klabu, na yeye akafa 1943 huko huko New York.

Georgios Katsaros ni kitu kingine kabisa. Mtu wa kisiwa cha Amorgos, gitaa moja, vidole bila kipande cha kupigia, sauti ya chini kama anakuhadithia siri. Alizunguka majimbo ya Marekani akiwapigia vibarua wa Kigiriki, akiimba habari za kamari na moshi wakati ambapo Ugiriki kwenyewe mambo hayo yalikuwa yamezibwa na mkaguzi. Mwisho alitulia Tarpon Springs, Florida, mji wa wapiga mbizi wa sponji waliotoka visiwa vya Kigiriki, na alifariki 1997 akiwa ameshapita miaka 90. Wapenzi wa gitaa kavu, wale wanaoweza kumsikiliza mtu na gitaa lake usiku mzima, wamtafute huyu kabla ya wengine wote.

Kisha kuna Ioannis Halikias, aliyejulikana Marekani kama Jack Gregory. Mwaka 1932 alirekodi New York vipande viwili vya buzuki bila mwimbaji. Santuri ile ilivuka bahari kurudi Ugiriki, ikauzwa vizuri, na wakubwa wa kampuni za Athens, ambao mpaka hapo waliiona buzuki ala ya wafungwa isiyostahili studio, wakaanza kuulizia nani anaipiga Piraeus. Mwaka uliofuata Markos akaingia studio. Hili wengi hawalijui: buzuki ya Piraeus ilipata nafasi kwa kuwa mhamiaji wa New York aliipiga mbele ya maikrofoni na ikanunuliwa.

Na kuna "Misirlou". Rekodi yake ya kwanza inayojulikana ni ya Tetos Demetriades, New York, 1927. Mwaka 1962 Dick Dale, Mmarekani ambaye baba yake ana asili ya Lebanon, aliipiga kwa gitaa la umeme kwa kasi ya kutisha, na tangu hapo imezunguka dunia. Ukiisikia utasema, kumbe hii! Sikiliza zote mbili mfululizo, kwanza ya 1927.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1924 iliwapa Wagiriki nafasi 100 tu kwa mwaka. Bomba likakatwa. Waliokuwa ndani wakaendelea kupiga walichokuja nacho, na kwa sababu hiyo New York ilihifadhi ladha za kabla ya 1922 ambazo Athens ilizipoteza.

Kwa hiyo uchague vipi?

Kama unachojali ni usafi wa rekodi, Piraeus inashinda bila ubishi, kwa kuwa yote ilirekodiwa kwa maikrofoni. Smyrna inakuja mara mbili: rekodi za kabla ya 1922, zilizofanywa huko huko Smyrna na Istanbul, na za Athens za miaka ya 1930. Anza na za Athens. Rekodi za New York za kabla ya 1925 ndizo ngumu. Wakati huo mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa na nguvu ya sauti yake peke yake ndiyo iliyotikisa sindano. Marika anasikika kutoka nyuma ya mvua ya mikwaruzo. Mimi navumilia, kwa sababu ya ile selo; ila kumpa mtu mgeni rekodi ya 1919 kama kionjo cha kwanza ni kumfukuza.

Kama unapiga ala, ala yako iamue. Mpiga udi, kanuni au fidla asipoteze muda: Smyrna, na hasa taksimu za Tomboulis na lira ya Lambros, azisikilize na kuziiga. Mpiga gitaa aende kwa Katsaros. Anayetaka kununua buzuki aulize kwanza kama ni ya jozi tatu au nne. Ya jozi nne ilienezwa na Manolis Chiotis katika miaka ya 1950, imefungwa karibu na gitaa na inafaa kwa mbio na kwa sauti nyingi zinazopigwa kwa pamoja; lakini nyimbo za Markos ukizipiga humo unapoteza ule mvumo, na bila mvumo hakuna Markos.

Kama unataka kuelewa maneno, Piraeus. Amanes hauna maneno mengi ya kufasiri, na hilo ni upungufu kwa msomaji wa mashairi na faraja kwa asiyejua Kigiriki.

Kwa mtu wa Pwani kuna kipimo kimoja ninachokiamini zaidi ya vyote hivi, nacho ni Siti binti Saad. Alikwenda Bombay 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, mwaka mmoja hivi kabla Roza hajaingia studio Athens, na kampuni ya mbwa na gramafoni iliyomrekodi Siti iliuza santuri Ugiriki vilevile. Jiulize unampendea nini. Kama ni ile sauti ndani ya udi na fidla, jinsi anavyoingia baada ya ala na kupanda nayo, basi nenda Smyrna, kwa Roza na Rita. Kama ni kwa sababu aliwaimbia watu wa Ng'ambo ya Unguja mambo ya mahakamani na mitaani, akamtaja Kijiti aliyeua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, basi mwenzake yuko Piraeus, kwa Markos na Delias, waliokuwa wakitoa habari za mtaa wao kwa njia hiyohiyo.

Ushauri wangu kwa walio wengi ni Smyrna kwanza, wiki kadhaa, mpaka masikio yakae. Ndipo Piraeus, kwa kupitia kwa Stratos. Ana koo la kwao ng'ambo ya bahari na maneno ya Piraeus, na maisha yake yamegusa milango yote mitatu: kuzaliwa Ayvalik, umaarufu Piraeus, na kifo New York mwaka 1971 alikokuwa amekwenda kuimba. Ukimsikiliza yeye kabla ya Markos, ukavu wa Markos hautakushtua. New York iwe ya tatu, isipokuwa kama wewe mwenyewe unaishi ugenini. Kama unasoma haya ukiwa Muscat, Toronto au London, anza na Marika. Wimbo wa mtu aliyeondoka kwao kabla kwao hakujateketea unasikika tofauti ukiwa mbali.

Na Vassilis Tsitsanis je? Wapenzi wengi wa Kigiriki watashangaa nimefika hapa bila kumtaja. Alizaliwa Trikala 1915, alikwenda Athens 1936 kusoma sheria akaishia kwenye buzuki, na ndiye aliyeutoa muziki huu kijiweni akauweka sebuleni: mapenzi, huzuni ya vita, sauti za wanawake kama Marika Ninou na Sotiria Bellou. Nyimbo zake ni tamu na zimejengwa kwa ustadi mkubwa. Ila ametokea baada ya ukaguzi, akiandika ndani ya mipaka yake, na muziki wake unaelekea zaidi Ulaya kuliko Smyrna. Anza na yeye kama nyumbani kwako kuna watu wasiopenda taarabu wala kelele za santuri kuukuu. Hao atawashika siku ya kwanza.

Neno la mwisho ni la kutafutia. Majina haya huandikwa kila mtu anavyotaka kwa herufi zetu: rebetiko, rebetika, rembetika, Roza Eskenazi au Eskenazy, Papagika au Papagkika, Abatzi, Abadzi au Ampatzi. Ukikwama, nakili jina kwa herufi za Kigiriki, Ρόζα Εσκενάζυ, Ρίτα Αμπατζή, Μάρκος Βαμβακάρης, Μαρίκα Παπαγκίκα, ubandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Utapata rekodi mara kumi zaidi. Na kila mara angalia mwaka. Roza alirudi kuimba akiwa mzee katika miaka ya 1970, na ingawa inagusa moyo, wewe tafuta ya kati ya 1930 na 1936.